Vishimo vya Bangili ya Mama Mwajuma

Duka langu la usonara hapa Gongoni limefungwa tangu juzi, na aliyelifunga ni kiherehere changu.

Mama Mwajuma alileta bangili ya fedha aliyorithi kwa bibi yake, kazi ya mafundi wa enzi za misafara. "Nikazie kifungo tu, fundi," alisema. Nikaitikia. Lakini bangili ilikuwa nyeusi, na ukingoni imejaa vishimo vidogo vidogo. Nikaona aibu. Kitu kama hicho kitoke mkononi mwangu na makovu? Mimi, ninayejisifu hata nikiwa peke yangu?

Basi nilipomaliza kifungo, nikaipasha moto, nikagongagonga vile vishimo kimoja kimoja, nikapiga msasa, nikaisugua kwa ukwaju mpaka ikawaka. Siku nzima. Wala sikutaka malipo ya ziada; nilitaka kusifiwa.

Alipokuja nikamwamkia, nikaifunua kwenye kitambaa kwa madaha. Hakuitazama. Aliishika, akapitisha kidole gumba ukingoni, kikazunguka mara ya kwanza, kikazunguka tena.

"Fundi, vile vishimo viko wapi?"

"Nimevifuta vyote, mama!" nikajibu, meno yote nje.

Akakaa palepale kizingitini.

"Mwanangu wa kwanza alikuwa anaota meno," akasema. "Kila nikimpakata alikuwa anaing'ata hii bangili. Hakufikisha mwaka." Kidole kilikuwa bado kinatafuta. "Hata picha yake sina, fundi. Nilikuwa na vishimo hivyo tu."