Matofali ya Vidole Viwili

Nilimwonea wivu jirani yangu, aliyekuwa pia rafiki yangu. Hilo silionei haya. Haya yangu inaanzia mbele kidogo.

Tulikaa Kapata, mtaa wa Kolwezi huko Katanga, kwenye nyumba za kampuni ya migodi, ukuta mmoja kati yetu. Wao walikuwa watu wa Kasai, mkoa mwingine, sisi wa Katanga ya kaskazini, lakini baba yake na baba yangu wote wawili walizaliwa Kolwezi, na kampuni ilipoanza kuanguka wote wawili walikosa mshahara. Shule ya kampuni nayo ikafa. Walimu waliacha kuja, mmoja baada ya mwingine, na madawati yakageuzwa kuni.

Ndipo paroko akaleta habari za msaada. Wafadhili wa Ulaya wangetujengea shule mpya: saruji yao, mabati yao, milango yao. Matofali yawe ya wazazi. Nafasi hazikutosha wote, basi ataandikwa mtoto ambaye matofali ya kwao yamekubaliwa na kamati ya shule.

Kila familia ilikanda udongo wa kichuguu, ikatia alama kwenye tofali bichi kabla ya kulichoma, ili yasichanganyike. Alama yetu ilikuwa msalaba. Yao ilikuwa vidole viwili vya rafiki yangu. Baba yake alimwachia abonyeze kila tofali, naye alibonyeza huku akinitupia jicho kuhakikisha naona. Nilikuwa naona sana. Baba yangu, karani, alisema mtu wa ofisi hachezei matope. Alipobadili mawazo siku zilikuwa zimebaki chache, tukayachoma matofali kabla hayajakauka. Yalipasuka karibu yote, na kamati ikayatumia kuzibia mashimo ya njia.

Orodha ilipobandikwa mlangoni mwa kanisa, jina lake lilikuwapo na langu halikuwapo. Alinifariji. Hapo ndipo nilipomchukia kabisa: alinishika bega kama mama mkubwa, akaniahidi kuniazima madaftari yake. Jioni ile nilipiga magoti nikamwombea mabaya, tena kwa bidii kuliko nilivyowahi kuombea kitu chochote.

Haikupita miezi mingi, watu wakaanza kusema waziwazi kwamba Wakasai warudi kwao. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza. Familia zilibeba magodoro hadi stesheni, zikakaa hapo siku nyingi zikingoja treni. Asubuhi ya kuondoka kwao, mama yake alimwachia mama yangu sufuria kubwa asiyoweza kuibeba. Rafiki yangu alinivuta kando.

"Nafasi yangu mu classe, unichungie," akasema. "Mi nitarudia."

Nikamwambia ndiyo, nitamtunzia. Moyoni nilikuwa nimeshakaa kwenye dawati lake. Na hata treni nilimwonea wivu, kwa sababu mimi sikuwahi kuipanda.

Juma lililofuata nafasi zilizoachwa zilijazwa, nami nikaandikwa.

Siku ya kufungua shule alikuja mfadhili mmoja, mama wa kizungu mwenye kamera. Alipapasa ukuta karibu na mlango, akakuta matofali yenye vishimo viwili viwili. Akauliza, paroko akitafsiri, vidole hivi ni vya nani. Walimu walijua. Kamati ilijua. Kila mzazi aliyesimama pale alijua, na wote wakatazama viatu vyao.

"Ni bidole byangu," nikasema.

Akaniomba niviweke humo anipige picha. Viliingia sawasawa, maana tulikuwa na umri mmoja. Niliona furaha, sitadanganya. Kwa mara ya kwanza kitu chake kilikuwa changu, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekanusha.

Mwaka uliofuata wafadhili walituma kalenda, moja kwa kila familia ya shule. Ndani yake nilikuwamo mimi, nacheka, vidole ukutani. Baba aliitundika sebuleni kwa fahari. Mama alitoka jikoni na ile sufuria ya jirani mikononi, akaitazama kalenda.

"Sisi tulitiaka musalaba," akasema.

Akaweka sufuria chini, akaishusha kalenda, akaitundika tena uso ukielekea ukutani. Ilikaa hivyo mwaka mzima. Tukitaka kujua tarehe, tulikwenda kuuliza kwa majirani wapya.