Nilivyomketisha Dada Yangu Siti Moja na Mkwewe

Nimekosa mimi, na sina wa kunisaidia kulibeba hili. Nilivunja posa ya mtoto wa dada yangu kwa sababu nilitaka kuonekana mtu wa maana mbele ya wakwe. Basi! Nimelisema. Sasa kaa nikueleze.

Huyo mtoto nitamwita Oresta. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, nikamchukua kutoka Litapunga, nikaishi naye hapa kwangu Kawajense mpaka akawa nesi. Kijana aliyempenda, Deo, ni wa upande wa Mpimbwe, ukoo wa wakulima wa mpunga, watu wa kanisani na watu wa taratibu. Baba yake, Mzee Kasiano, akatuma salamu kwamba anakuja na kijana wake kuzungumza. Mama wa Oresta, dada yangu Skola, akaja mapema na kuku wawili na unga wa mahindi.

Mke wangu alishabandika maji. Mimi nikaitazama sebule yetu: makochi yamebonyea, rangi ya ukuta imebanduka. Nikaona aibu! Mimi, mtu wa chuo kikuu, mwandishi wa makala ambazo mke wangu hufungia maandazi, niwapokee wakwe hapa?

Mjini kulikuwa kumefunguliwa mgahawa uliopambwa kwa mfano wa gari moja la kifahari, lile ambalo wengi wetu tunaliona kwenye simu tu. Nembo ukutani, nembo kwenye sahani, nembo mpaka mlangoni mwa choo. Unakaa ndani ya kibanda kama gari lililokatwa paa: siti mbili za ngozi mbele, zimegeuzwa zitazame siti ya nyuma, meza katikati. Na mikanda inafungwa!

"Mgeni wa posa anakula nyumbani," mke wangu akasema.

"Mama Nuru, dunia imebadilika."

Akaendelea kukata vitunguu.

Tulipofika, mimi na dada Skola na wageni wetu wawili, mhudumu alitupokea amevaa kofia ya dereva. "Karibuni sana wazee wangu! Nani anakaa mbele?"

Nani tena! Nikamshika Mzee Kasiano mkono, tukakaa mbele kama mawaziri. Siti ya nyuma ikabaki kwa Deo na dada Skola.

Hapo ungekuwepo ungenizaba kofi. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawali wakitazamana, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Usidhani sikujua. Nilishaiandikia makala mila hiyo, nikisifia heshima iliyomo!

Dada akaninong'oneza, "Mdogo wangu, nikae na huyu mtoto? Hebu nibadilishie, nikae na wewe."

"Dada, huku mjini hakuna hayo. Kaa tu."

Alikaa. Aliniamini, maana mimi ndiye niliyesoma.

Siti ile ni ya watu wawili wembamba, na dada yangu si mwembamba. Deo alijibana mpaka bega likagota mlangoni. Mhudumu akawafunga mikanda huku akitangaza, "Tunaondoka jamani! Gia ya kwanza, supu!"

"Maji ya kunawa yako wapi?" Mzee Kasiano akauliza.

Akapewa kitambaa chenye unyevu. Akakigeuzageuza, akakirudisha mezani.

Kuku akaja, mdogo kwenye sahani kubwa, na uma na kisu. Dada alijifunika uso kwa kanga, hakugusa kitu. Deo akajaribu kukata. Kipande kikaruka, kikatua mapajani kwa dada yangu. Na yule mtoto, kwa adabu aliyolelewa nayo ya kusafisha anachochafua, akawahi kufuta kwa mkono.

Mungu wangu!

Dada alisimama ghafla, mkanda ukamrudisha chini. Akajaribu tena, ukamrudisha. Meza ya jirani wakaangua kicheko. Mhudumu naye akacheka, akidhani mama anafurahia gari.

Mzee Kasiano hakupaza sauti. "Mfungueni mama wa watu," alisema. Kisha akanigeukia. "Bwana, sisi tulikuja kuomba binti. Hukutuingiza hata ndani ya nyumba yako."

Wakaondoka bila kulitaja jina la Oresta.

Ningekwenda kesho yake na mbuzi na wazee wawili, nikapiga magoti, huenda mambo yangetengenezeka. Unajua nilifanya nini? Niliandika barua! Kurasa nne, nikieleza chimbuko la mila hiyo na jinsi jamii inavyobadilika. Mzee Kasiano akanipigia simu.

"Karatasi zako zimefika. Kijana anasema hawezi kumwita mama mtu ambaye yeye alimshika mapajani mbele za watu. Na mimi siwezi kumlazimisha."

Baada ya mavuno Deo alioa hukohuko kwao.

Dada Skola hajakanyaga kwangu tena. Nimemfuata Litapunga mara mbili. Ananiwekea kiti uani, ananipa maji, tunaongea habari za mahindi. Nikianza kuomba radhi ananikatiza: "Usijisumbue, mdogo wangu. Wewe una kazi zako." Heri angenitukana!

Oresta amehamia chumba cha kupanga. Kabla ya kuondoka aliniuliza swali moja tu: "Mjomba, ulikuwa unamwonyesha nani?" Mtaani wamempa jina, wanamwita Siti ya Nyuma, yeye ambaye siku ile hakuwepo kabisa! Kijana mwingine alianza kumuulizia, akasikia kisa, akaacha. Sioni wa tatu.

Nyie mnaotarajia wakwe, wapokeeni hapohapo mlipo, na makochi yenu yaliyobonyea. Na wewe msomi mwenzangu, siku mama mzima akikuomba umbadilishie kiti, nyanyuka umpishe. Usianze kumweleza. Mimi nilieleza vizuri sana, na ndoa ya mtoto ikafia palepale mezani.