Sehemu Tuliyoiandika kwa Mikono Yetu

Kitu ninachokitamani zaidi kutoka siku za chuo kikuu ni zile alasiri za Kawangware, nikiwa nimeketi na rafiki yangu kitandani mwake, tumegawana waya wa masikioni, tukimsikiliza mama mmoja akisimulia maisha yake.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kianda na dada yangu. Rafiki yangu alizaliwa Kawangware, kwenye ploti ya babu yake. Mwaka wetu wa mwisho tulipewa kazi ya utafiti pamoja, kuhusu wanawake waliohamia Nairobi kutoka upande wa ziwa. Nikampeleka Mashimoni, mtaa wa jirani na kwetu, kwa mama mwenye kioski cha maji, ambaye nilikuwa nikiimba naye kwaya. Mama alizungumza alasiri nzima huku akiwafungulia wateja mfereji. Alieleza alivyofika mjini, na bila sisi kumuuliza, akaeleza alivyompoteza mtoto wake wa kwanza. Simu ya rafiki yangu ilinasa yote.

"Si tuweke tu kwa AI?" rafiki yangu akasema tukiondoka. "Itaandika kila kitu, ifupishe, tumemaliza."

Mhadhiri wetu hakuwa amekataza AI. Alichotaka ni tuseme wazi tulipoitumia, tuhakiki ilichotupa, na tusiilishe siri za watu bila ruhusa yao. Mama alikuwa amekubali kurekodiwa, lakini hakuna aliyemtajia mashine.

"Jina lake tutaliondoa," rafiki yangu akasisitiza.

"Na huyo mtoto wake?"

Kesho yake tukarudi Mashimoni, na rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyemweleza mama habari za mashine. Mama alisikiliza, mikono yake ikichuruzika maji.

"Mkishaipa maneno yangu, mnaweza kuyachukua tena?"

Rafiki yangu alinitazama. Kumdanganya kungekuwa rahisi. "Hatuna hakika, mama. Pengine haitawezekana. Lakini rekodi yetu tutaifuta tukimaliza."

Mama akajipangusa mikono. "Habari za safari ipeni, lakini bila jina. Na *nyathina*," akasema kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, "huyo msiipe. Huyo mwandikeni nyinyi."

Tukakata ile rekodi vipande viwili. Kipande cha safari kiliandikwa na mashine kabla chai haijapoa. Tulipokilinganisha na sauti, tulicheka. Mama alikuwa amesema ametoka *nam*, ziwani, mashine ikaandika ametoka "namba". Lakini ufupisho ulitukatisha kicheko. Ulidai kwamba alikimbia njaa.

"Hii njaa imetoka wapi?" rafiki yangu akauliza.

Tulirudia rekodi mwanzo hadi mwisho. Njaa haikutajwa. Mama alikuja Nairobi kwa sababu alimpenda seremala mmoja aliyekuwa akifanya kazi huku, basi. Tukaufuta ule ufupisho, tukaandika wetu.

Kipande cha mtoto kilituchukua alasiri nyingi. Tulisikiliza sentensi moja, tukasimamisha, tukaandika, tukarudisha nyuma. Mama yake rafiki yangu alikuwa akituletea sahani za githeri na kutuuliza kama bado hatujamaliza. Kwenye rekodi, nyuma ya sauti ya mama wa kioski, maji yalisikika yakijaa mitungini, na watu wakisalimiana. Mahali fulani alinyamaza muda mrefu, nasi tukabishana jinsi ya kuandika ukimya ule. Mwishowe tuliacha mstari mtupu. Rafiki yangu alilia hapo, nami pia.

Tulimsomea mama kazi nzima kabla ya kuikabidhi. Tulipofika kwa seremala alicheka hadi mteja akauliza kuna nini. Tulipofika kwa mtoto alifumba macho.

"Ndivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Mhadhiri alitupa alama nzuri, akatuomba tuwaeleze wenzetu darasani tulivyoamua nini kiende kwa mashine na nini kisiende.

Siku hizi rafiki yangu anafanya kazi Mombasa, na mama amerudi kwao ziwani. Kabla hatujatawanyika tuliifuta rekodi, kama tulivyomwahidi mama. Tuliketi nje ya ploti, jua likiwa kali, tukaisikiliza mara ya mwisho bila kuisimamisha. Ilipofika mwisho, rafiki yangu aliinua kidole juu ya simu.

"Nifute?"

"Futa," nikamwambia, na akafuta.