Nestory na picha ya pete aliyoificha miezi saba

Jumapili iliyopita saa tatu asubuhi, Nestory Mihayo amesimama mlangoni mwa kanisa moja huko Buhongwa, mguu mmoja juani, mwingine kivulini. Ndani watoto kumi na wanne wanasubiri kubatizwa. Nje akina mama wanawekeana vilemba sawa. Anapiga picha nje, anageuka, anapiga ndani, wala hagusi kitufe kingine chochote.

Kila anapoinamisha kamera kutazama alichopiga, kidole gumba chake kinafunika kona ya chini ya kioo. Mwandishi wa makala haya alidhani ni mazoea tu. Kumbe hapo chini pameandikwa ISO AUTO, na Nestory hataki Gidion apaone.

Gidion ni mpiga picha mwenzake katika kazi ya siku hiyo. Miaka tisa iliyopita alikuwa mwanafunzi wake.

"Nilimfundisha mwenyewe kwamba otomatiki ni ya watalii," anasema Nestory kwa sauti ya chini. "Leo akiniona nayo, uso nitauficha wapi?"

Kwa msomaji asiye na habari na kamera, ISO ni kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga. Juani unakishusha, kwenye giza unakipandisha. Ukisahau, picha inaungua kwa weupe au inatoka nyeusi tii. Ukiweka otomatiki, kamera inapandisha na kushusha yenyewe. Nestory ameiwekea kikomo isivuke elfu sita na mia nne, ili picha zisijae chembechembe. Ni hivyo tu, wala si dhambi.

Lakini kwa mafundi wa rika lake, dhambi ilikuwa. Nestory ana miaka 46. Alianza na kamera ya filamu pale stendi ya Nyegezi, akipiga wasafiri picha. Leo ana studio ya chumba kimoja, na sherehe moja humpa kati ya laki mbili na nusu na laki nne. Fundi wa kweli, aliwaambia vijana wake, huusoma mwanga kwa macho, anapanga kila kitu kwa mkono, na haangalii kioo kila dakika kama mtu asiyejiamini.

Mwandishi alikuja kumuuliza jinsi anavyoishi mjini wakati kila mtu ana simu yenye kamera. Alijibu vizuri kwa muda, halafu akalitazama daftari la mwandishi.

"Hayo uliyoandika ni ya kweli," alisema. "Ila mimi si mtu wa kusifiwa gazetini. Kuna jambo nimemfanyia mama wa watu."

Mama huyo anaitwa Kashindye, anaishi Igoma. Yeye na mumewe, mzee Malimi, waliishi pamoja miaka thelathini na tisa. Mahari ya ng'ombe ilitolewa, watoto wakazaliwa, lakini kanisani hawakuwahi kwenda. Mzee alipougua na kushindwa kutoka kitandani, aliomba jambo moja, mchungaji aje nyumbani kubariki ndoa yao. Wakamwita Nestory.

Asubuhi ile jua lilikuwa kali. Nestory alipiga wageni uani, ISO mia moja, picha safi. Kisha akaitwa ndani haraka kwa sababu mgonjwa alikuwa anachoka. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Macho ya mzee yalikuwa hayavumilii mwanga mkali, familia ikaomba asitumie flashi.

"Nikasema hamna shida. Nikapiga zaidi ya picha sitini. Mzee anamvisha pete, mama analia, mchungaji anaomba. Kioo sikukitazama hata mara moja. Nitakitazamaje, si mimi ndiye fundi?"

Studio, alipofungua kompyuta, picha zote za ndani zilikuwa nyeusi. ISO ilibaki mia moja, vilevile alivyoiacha juani.

Alikaa nazo siku kumi na sita bila kumwambia mtu. Siku ya kumi na saba, Suzana, binti wa mzee, alipiga simu. Baba amefariki, naomba picha ya ndoa tuiweke juu ya jeneza.

"Nikamwambia memori kadi imeharibika. Likanitoka hivyo hivyo, rahisi kabisa."

Familia ikakuza picha ya kwenye kitambulisho cha mzee, ile ya kukunja uso, na mzee akazikwa na hiyo juu ya jeneza. Nestory alikwenda msibani. Bibi Kashindye akamshika mkono akamwambia, "Pole mwanangu, vyombo huharibika." Akampa pole yeye.

Hapo anafuta lenzi isiyo na vumbi.

Ili aaminike, alimpa mama huyo kadi yake kuukuu, tupu, akidai ndiyo yenyewe. Kwa miezi saba sasa Bibi Kashindye ameifunga kwenye kitambaa pamoja na pete. Wiki iliyopita Suzana alimpigia tena simu, kwa adabu zote. Amepata nafasi ya kwenda Dar es Salaam Jumatatu ijayo, kuna mtaalamu wa kurudisha picha zilizopotea, je, kadi isafirishwe vipi isidhurike zaidi?

"Nilimjibu aifunge kwenye nailoni," anasema Nestory. "Unasikia? Nilimpa maelekezo."

Lililo baya zaidi alilitoa mwisho. Picha moja, iliyopigwa karibu na dirisha, haikufa yote. Aliing'arisha kwenye kompyuta hadi ikagoma. Imejaa chembechembe, kama imenyunyiziwa unga wa dona, lakini mikono miwili inaonekana, na pete, na nusu ya ndevu za mzee. Alikuwa nayo kabla ya mazishi.

"Niliogopa watu watauliza ni Nestory gani huyu anapiga picha chafu namna hii. Nikalinda jina. Jina lenyewe la chumba kimoja Buhongwa."

Mwandishi alimuuliza kama haya yanaweza kuandikwa. Alifikiri, akauliza gazeti linatoka lini. Akaambiwa Jumamosi. "Suzana humsomea mama yake," alisema. "Basi lazima nifike mimi kabla ya gazeti."

Jana, Ijumaa, alipiga simu akitoka Igoma. Alikuwa amekwenda na ile picha, imesafishwa ukubwa wa kawaida, bila mhuri wa studio.

"Nilimwamkia kama mama yangu mzazi, 'Shikamoo, mayu.' Akaniitikia, akanikaribisha, akaagiza chai. Nikasema kabla chai haijaja, maana ningeinywa ningeshindwa. Nikamwambia kadi ni tupu, haijawahi kuwa na kitu. Nikampa picha. Akaiweka karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Akaniuliza, 'Siku tunamzika, hii ulikuwa nayo?' Nikamjibu, nilikuwa nayo."

Hakumfukuza. Alimwambia arudi Jumapili saa nane mchana, watoto na ndugu wa marehemu watakuwepo, akayaseme mbele yao kwa mdomo wake, kwa sababu yeye hawezi kuwaambia kitu kama hicho.

Gidion naye anatoka Igoma, na mama yake ni shemeji wa marehemu. Atakuwa amekaa palepale.

"Nitakwenda," alisema Nestory.