Sala Ndefu na Mayai ya Otonglo

Sifa zote ni kwa Mungu, aliyeniruhusu kuwa mwanafunzi tena nikiwa na mvi, na akanipa mke mwenye subira ya kututosha wawili.

Nilipostaafu nilijiandikisha katika mafunzo mafupi ya utangulizi kuhusu gridi mahiri ya umeme, huko Maseno. Wenzangu walikuwa mafundi vijana. Mwalimu, binti wa rika la kitinda mimba wangu, alitueleza kwamba katika gridi ya zamani umeme huja tu, na aliye kituoni hajui unafanyiwa nini nyumbani kwako. Katika gridi mahiri mita huongea na kituo, na kituo huijibu. Jioni, watu wote wanapowasha vyombo kwa pamoja, mitambo huelemewa. Basi vyombo vinavyoweza kungoja huzimwa kwa muda.

Nililipenda neno hilo, kungoja. Nimefundisha subira kanisani miaka mingi.

Kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, kila kipindi niliachiwa kufunga kwa sala. Siku hiyo mwalimu alisema, "Limebaki jambo moja la mwisho," lakini mimi nilikuwa nimeshasimama na kufumba macho. Niliombea mita, nguzo, transfoma na wote wanaopanda nguzo. Niliposema amina, muda ulikuwa umekwisha.

Nikapitia dukani Kisumu mjini, nikanunua taima, swichi inayozima na kuwasha yenyewe kwa saa uliyoipangia. Nyumbani Otonglo niliifunga kwenye mashine ya mke wangu ya kuangulia vifaranga. Ndani mlikuwa na mayai ya akina mama wa kanisa pamoja na yetu machache, kila moja na alama ya mwenyewe kwa penseli. Zilikuwa zimebaki siku tatu yaanguliwe. Nikajiambia, mayai haya yamengoja siku kumi na nane; jioni moja ni nini?

Mke wangu alirudi kutoka mazoezi ya kwaya, akagusa mashine.

"Mzee, mbona hii imepoa?"

"Inapumzika, Mama. Tunaisaidia gridi."

"Na Jumapili, gridi ndiyo itawajibu akina mama?"

Alichomoa taima yangu, akaichomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, akaifunika kwa blanketi letu. Tulilala bila blanketi, na bila mazungumzo.

Kesho yake nilimwuliza mwalimu, mbele ya darasa, lile jambo la mwisho lilikuwa lipi.

"Vyombo visivyoweza kungoja, Mzee. Friji ya chanjo, mashine za hospitali, mashine ya kuangulia mayai."

Nikakiri yote. Fundi mmoja akasema kutoka nyuma, "Mzee wetu aliombea hadi transfoma, mayai akayasahau!"

Walicheka mpaka mwalimu akaketi. Kipindi hicho nilikifunga kwa maneno matatu: "Bwana, tuhurumie. Amina." Nilipigiwa makofi ambayo sijawahi kupata kanisani.

Yai la mke wa mchungaji lilikuwa la kwanza kupasuka, Jumamosi asubuhi. Hadi Jumapili yalikuwa yameanguliwa yote ila manne, na yote manne yalikuwa na alama yetu. Nilimshukuru Mungu kwa kuipeleka adhabu mahali pake. Mke wangu akacheka hatimaye, akaniambia niwaombee vifaranga.

"Kwa ufupi," akasema.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aitunze nyumba yako na mwanga wake, akupe subira kwa yanayoweza kungoja, na karibu nawe aweke mtu wa kukuchomolea taima mapema. Amina.