Saa Niliyoisifu kwa Sauti

Katika biashara ya saa kuukuu ipo adabu moja: mnunuzi haisifu saa akiwa ameishika. Husema kioo kimekwaruzika, mkanda si wake, mtambo umechoka. Furaha yake huimeza. Mchana mmoja huko Junda, katika mkahawa wa mahamri na mbaazi, niliivunja adabu hiyo, na mtu akapigwa mpaka meno yake yakadondoka mchangani.

Alikuwa mwanamume wa rika langu, kibarua wa mjengo, viganja vimepasuka kwa saruji. Alinisalimia kwa heshima, akaniita dada, kisha akafungua kitambaa na kunionyesha saa ya marehemu babake, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo. Ilikuwa na vitufe viwili ubavuni, cha kuanzisha na cha kurudisha kipimo cha muda, na maduara matatu madogo usoni. Alitaka kuiuza amwezekee mamake nyumba kwa mabati.

Saa nyingi za aina hiyo ninazoletewa ni za uongo, au za nusu uongo: mtambo wa saa hii, uso wa saa ile. Chuoni nilisoma historia, na nilichobaki nacho ni mazoea ya kuushuku waraka kabla ya kuuamini. Basi niliishuku. Nikabandika lenzi jichoni. Rangi ing'aayo gizani ilikuwa imegeuka kahawia kwenye mishale, na kahawia hiyo hiyo ilikuwa kwenye nukta za uso. Anayepaka upya mara nyingi husahau kuzilinganisha. Kingo za kasha zilikuwa bado kali, hazijaliwa na msasa. Nilipofungua kifuniko cha nyuma na kubonyeza kitufe, kigurudumu chenye nguzo ndogo ndogo kilipiga hatua moja, safi, bila kusita. Wenye kughushi kwa haraka hawajisumbui na kigurudumu hicho.

"Hii ni ya kweli," nikasema, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kaka, ni ya kweli kabisa! Watu huitafuta miaka wasiipate."

Mchinjaji aliyekuwa akila meza ya pili akageuka.

"Ya kweli? Kibarua wa mjengo saa ya kweli kaipata wapi?"

"Ya babangu," akajibu mwenye saa.

"Babako alikuwa nani, balozi? Juzi tu mgeni kaibiwa saa Shanzu. Mwizi huyu! Mwizi!"

Kofi la kwanza lilimng'oa kwenye benchi. Wakamburuta nje kwa miguu, kichwa kikigonga kila ngazi. Sikujua watu wale walitoka wapi. Sekunde ile njia ilikuwa tupu, sekunde hii imejaa. Mmoja, hamri bado mkononi, alimkanyaga vidole huku akitafuna. Mwingine alimshukia na nondo mgongoni, na nikasikia sauti ambayo sikujua mwili wa mtu una uwezo wa kuitoa. Jiwe likampasua paji. Nilipiga kelele kwamba saa ni ya babake, kwamba simjui mwizi yeyote. Mchinjaji akanitazama kwa upole, jambo lililonitisha kuliko nondo.

"Mama, si wewe uliyesema ni ya kweli? Saa ya kweli ina mwenyewe, na mwenyewe si huyu."

Nyuma yake mtu akaita, "Toeni petroli kwenye pikipiki!"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushahidi wote waliokuwa nao ni kauli yangu.

"Ni bandia!" nikasema. "Nilikuwa nikimfanyia mzaha. Jamani, mtamchoma mtu kwa saa ya kuuzwa barabarani?"

"Kama bandia, ivunje," mchinjaji akasema.

Akaniokotea jiwe lile lile, likiwa na damu. Nikapiga magoti, nikaiweka saa, iliyokuwa bado mkononi mwangu, juu ya ngazi. Pigo la kwanza lilivunja kioo. La pili likaukunja uso. La tatu likautapisha mtambo, na mimi nikaendelea, la nne, la tano, kwa hasira niliyoigiza mwanzoni na ambayo baadaye sikuwa nikiiigiza. Mtu akacheka. Kisha wakacheka wote.

"Huyu kweli mshamba! Kaja kuuza takataka!"

Wakamwachia teke moja la kuagana, na mchinjaji akarudi kwenye mbaazi zake.

Nilimwosha uso kwa maji ya mkahawani. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alinena kwa shida, damu ikimpitia katikati ya maneno.

"Dada, kumbe babangu alinidanganya? Siku anakata roho alinishikisha ile saa. Aliniambia, mwanangu, kila kitu changu kibovu, lakini hii ni ya kweli."

Ningeweza kunyamaza. Angekwenda zake akiamini hakupoteza kitu.

"Hakukudanganya," nikasema. "Niliyedanganya ni mimi. Nitakulipa thamani yake yote."

Alitambaa mpaka kwenye ngazi, akaanza kuokota vipande mchangani kwa vidole vilivyovimba, akivitia kitambaani kimoja kimoja. Nikaona mshale wa sekunde karibu na mguu wangu, nikainama niuchukue.

"Wacha," akasema. "Usiiguse."