Matoazi na Mgeni wa Kuongezwa

Likizo hii nimerudi kwa bibi, kijijini Mogitu, na kilichonichekesha kwanza ni mfuniko wa ndoo ya pumba. Ni toazi la bendi ya kanisa! Lile lile la shaba, moja ya sahani mbili nilizogonganisha utotoni, limebonyea pembeni, kuku wamelinyea. Wewe rafiki yangu ungeona bati tu. Mimi niliona siku ile ya mgeni kanisani.

Nilikuwa darasa la nne, mwoga kiasi kwamba nikitumwa chumvi kwa jirani nilisimama mlangoni mpaka anione mwenyewe. Krismasi nilikuwa nimekimbia madhabahuni katikati ya shairi, kanisa zima linatazama. Kwa hiyo mwalimu wa bendi ya kanisa aliponipa matoazi alinionya: "Unapiga mara moja tu, mwishoni, mgeni akikunyooshea kidole. Ukikimbia tena, nampa mwingine." Wiki nzima nikafanya mazoezi kwa mifuniko ya sufuria huku nachunga ndama. Ndama walizoea. Bibi hakuzoea.

Mgeni alikuwa mwongoza muziki kutoka Arusha, amealikwa kuiongoza bendi yetu Jumapili hiyo, koti jeusi mpaka magotini. Alikuja na mama mpiga selo, lile zeze kubwa linaloshikwa katikati ya magoti. Mama alipokaa tu, jirani yetu akanong'ona kanisa zima likasikia: "Jamani, amelikalia kama anakamua!"

Ibada ilikuwa inaelekea mwisho, na nje pilau ya wageni ilishaanza kunukia.

Mgeni akawapa watu mgongo, akainua mikono yote miwili, akatulia. Sasa kwetu, mtu akiinua mikono hivyo mbele ya kanisa, ni baraka ya mwisho. Kanisa likasimama, likainamisha vichwa. Ule mgongo walidhani ndivyo wanavyofanya mjini. Hata wazee wetu wa tarumbeta wakafumba macho. Mgeni akatazama huku na huku, akashusha mikono taratibu.

"Amina!" wakaitikia wote, wakaanza kutoka kuifuata pilau.

Mama wa selo alibaki na upinde hewani, uso umemshuka. Mwalimu anaita, "Kaeni! Bado!" Nani amsikie? Sijui nilipatwa na nini. Nikapiga. Paaa! Watu wakaganda mlangoni, mtoto mmoja akaangua kilio, kisha wakarudi kukaa mmoja mmoja kama waliokemewa.

Selo ikaanza. Ililia kama mtu mzima anayeimba amefunga mdomo, hata jirani akainama mbele asikie vizuri. Tarumbeta zikaingia, zikapanda, halafu mgeni akaninyooshea kidole.

Nikatikisa kichwa. Niliambiwa mara moja, na mara yangu ilishakwisha. Kidole hakikushuka. Nikaanza kusogea kuelekea mlangoni.

"Mwongeze mgeni!" bibi akapaza sauti kutoka benchi la tatu. "Kwetu mgeni hanyimwi!"

Nikamwongeza. Mara tatu, asije akasema tumembania.

Bendi ile haipo tena. Mwalimu alihamishwa, wazee wengine wamelala makaburini nyuma ya kanisa, na waliobaki hawana pumzi ya tarumbeta. Siku hizi kuna kinanda cha umeme chenye kitufe cha matoazi. Jumapili nilimwona dada wa kwaya akikibonyeza kwa kidole kimoja, macho kwenye simu. Kililia vizuri kabisa, mahali pake hasa. Hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka.